Mzigo wa kichwani na zamu ya nne ya kapteni: jinsi Msumbiji ilivyoishinda himaya ya Ureno, 1964–1974

Ukihesabu bunduki na ndege peke yake, vita hivi huwezi kuvielewa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipoanza kupigana Septemba 25, 1964, kwa kushambulia kituo cha utawala cha Chai, Cabo Delgado, ilikuwa na wapiganaji waliofunzwa wapatao 250. Upande wa pili walikuwa Wareno, wanachama wa NATO, wenye ndege za kivita na helikopta, na jeshi ambalo kufikia 1973 lilikuwa limevuka watu 50,000 Msumbiji peke yake. FRELIMO haikuteka mji mkubwa hata mmoja kwa mtutu. Lakini Septemba 7, 1974, miaka kumi kasoro wiki chache, Ureno ilitia saini Lusaka kwamba nchi nzima itakabidhiwa FRELIMO.

Kuna wanaosema uhuru uliletwa na mapinduzi ya kijeshi ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ya Aprili 25, 1974, na kwamba wapiganaji waliokota embe lililoanguka lenyewe. Wengine husema Mreno alifukuzwa msituni. Kauli hizi mbili huwa zinabishana, ilhali zinasimulia ncha mbili za kamba moja. Kamba yenyewe ni ya chakula, risasi na miguu ya watu, kutoka kusini mwa Tanzania hadi ndani ya Msumbiji, ambayo Wareno walishindwa kuikata kwa miaka kumi. Kwa kuwa hawakuweza kuikata, ilibidi maofisa wao warudi vitani zamu baada ya zamu, hadi wakachoka wao.

Mgongo wa vita ulikuwa Tanzania

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962, kwa kuunganisha vyama vitatu: UDENAMO, MANU na UNAMI. Rais wake alikuwa Eduardo Mondlane. MANU ilikuwa na mizizi kwa Wamakonde wa Msumbiji waliofanya kazi Tanganyika, wengi wao kwenye mashamba ya mkonge, na hapo ndipo Kiswahili kilipoingia katika vita hivi tangu mwanzo. Mwaka uliofuata Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliweka makao ya Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam, na misaada ya silaha na fedha ikapata mlango mmoja wa kupitia.

Kundi la kwanza lilikwenda kufunzwa Algeria, Samora Machel akiwa miongoni mwa waliopitia huko. Waliporudi walipewa Kongwa, kisha Nachingwea, ambako kambi kubwa ilijengwa kuanzia 1965 na baadaye wakufunzi Wachina wakaja kufundisha. Sehemu zote mbili zilikuwa mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mradi ule uliwapotezea Waingereza fedha nyingi, lakini uliacha nyuma ardhi iliyosafishwa, majengo, barabara na bandari ya Mtwara. Kwa hiyo silaha ziliposhuka Dar es Salaam au Mtwara, zilikuwa na njia ya gari karibu hadi mto Ruvuma wa mpakani. Mtwara kulikuwa na hospitali ya FRELIMO kwa majeruhi, Bagamoyo na Tunduru kulikuwa na vituo vya elimu na watoto, na Kurasini, Dar es Salaam, kulikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule ya sekondari ya harakati.

Gari liliishia mtoni. Kutoka hapo kwenda mbele ni mtumbwi, halafu kichwa.

Hesabu ya mzigo

Chukua kikosi cha watu 30 kinachotaka kushambulia kituo cha Wareno na kutega mabomu barabarani. Kila mpiganaji apewe risasi 100: jumla 3,000. Risasi moja ya AK ina gramu kama 16, kwa hiyo hapo ni karibu kilo 50 kabla hujahesabu makopo yake. Mabomu 20 ya mota ya milimita 82, kila moja kilo 3 na kidogo, ni kilo 60 na zaidi. Mabomu 10 ya kutegea magari, kilo 8 na nusu kila moja, ni kilo 85. Mota yenyewe, yaani bomba, miguu na sahani ya kukalia, inakaribia kilo 56. Jumla ni kilo 250 hivi. Mtu mmoja akibeba kilo 20 porini, shambulio hilo moja linahitaji wapagazi 12 au 13.

Bado hawajala. Mpagazi anahitaji angalau robo tatu ya kilo ya unga kwa siku. Kutoka Ruvuma hadi uwanda wa Mueda ni kama kilomita 50 kwa mstari ulionyooka, na njia za porini zinazokwepa doria ni ndefu kuliko hapo. Safari ya siku tano kwenda na tano kurudi inamgharimu kilo 7 na nusu, zaidi ya theluthi ya mzigo wake. Safari ya kwenda ndani ya Niassa, siku 20 kwenda na 20 kurudi, inamgharimu kilo 30. Maana yake mpagazi atakula mzigo wote kabla hajafika, na atakuwa na deni.

Hesabu hii ndogo ndiyo iliyoamua sura ya vita. Njia ndefu haiwezi kulishwa kutoka Tanzania. Ni lazima ilishwe na mashamba yaliyo kando yake: mihogo, mahindi na mtama wa wanakijiji waliokubali kulima msituni, kwenye vipande vidogo vilivyotawanyika ili ndege isivione kwa urahisi. Kwa hiyo pale FRELIMO ilipokosa wakulima, vita vilikufa hata kama wapiganaji walikuwepo.

Na vilikufa kweli. Mwaka 1964 uongozi ulituma vikosi pande nne kwa mkupuo: Cabo Delgado, Niassa, Tete na Zambézia. Nia ilikuwa kumlazimisha Mreno atawanye jeshi lake. Cabo Delgado na Niassa ziliegemea Tanzania, zikadumu. Tete na Zambézia zilihitaji kupitia Malawi, na Banda, kiongozi wa Malawi, hakutaka kuwagombanisha watu wake na Wareno ambao bandari zao ndizo zilizopitisha mizigo ya Malawi. Maeneo hayo mawili yakafungwa. Mtandao wa siri wa kusini, Lourenço Marques (leo Maputo), ulivunjwa na polisi wa siri wa PIDE, na miongoni mwa waliofungwa walikuwemo waandishi José Craveirinha na Luís Bernardo Honwana. Kuanzia hapo, kwa miaka karibu mitatu, vita vilikuwa vya mikoa miwili ya kaskazini tu.

Nani anamiliki njia?

Ikiwa njia ndiyo vita, basi anayewaamuru wapagazi na kushika duka ana nguvu kuliko kamanda mwenye bunduki. Mgogoro wa FRELIMO wa 1968–1969 husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa kabila na itikadi, na mambo hayo yalikuwemo. Chini yake kulikuwa na suala la duka.

Katika maeneo yaliyokombolewa watu walivusha korosho, ufuta na karanga kwenda Tanzania, na kurudi na chumvi, nguo, sabuni na majembe. Upande wa Cabo Delgado biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa wenyeviti wa FRELIMO wa mahali, chini ya Lázaro Kavandame, mtu aliyejulikana tangu zamani kwa vyama vya ushirika vya pamba vya Wamakonde. Lawama dhidi yao zilikuwa kwamba bei zao zinawaumiza wanakijiji, na kwamba watu wanabebeshwa mizigo kwa faida ya wachache. Wao nao walilalamika kwamba vijana wa Kimakonde wanakufa mstari wa mbele huku viongozi wengi wakitoka kusini. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana yaliuma.

Mambo yalikwenda vibaya kwa kasi. Machi 1968 wanafunzi wa Kurasini waligoma. Wengine hawakutaka kupelekwa vitani, na wengine walipinga walimu wazungu. Mei mwaka huo ofisi ya FRELIMO Dar es Salaam ilivamiwa na Mateus Muthemba akauawa. Julai, mkutano mkuu wa pili ulifanyika ndani ya Msumbiji, Niassa, jambo lililokuwa ushahidi kwamba eneo lile liko mikononi mwao. Desemba, kamanda Paulo Kankhomba aliuawa Ruvuma na watu wa Kavandame. Februari 3, 1969, Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Mwaka huohuo Kavandame alijisalimisha kwa Wareno, nao wakamtumia kuwaita Wamakonde watoke msituni.

Wareno waliamini hapo ndipo mwisho. Walikosea, kwa sababu walimpata mwenyekiti bila kumpata mkulima. Wengi wa wanakijiji waliokuwa wakilisha njia hawakumfuata Kavandame. FRELIMO iliyaweka maduka chini ya chama, na ikawaingiza wanawake rasmi katika vita kupitia Kikosi cha Wanawake kilichoanzishwa 1967. Kikosi hicho kilibeba silaha, kililinda mashamba na kiliwashawishi watu kijiji kwa kijiji. Kazi ambayo maandishi mengi huiweka pembeni kama msaada, kwa hesabu tuliyofanya hapo juu, ilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Uongozi wa watu watatu ulioshika nafasi ya Mondlane, Uria Simango, Machel na Marcelino dos Santos, haukudumu mwaka. Simango alitolewa, na Mei 1970 Machel akawa rais. Nidhamu ilirudi, lakini kwa gharama: tabia ya kumwona kila mpinzani wa ndani kuwa msaliti ilizaliwa hapa, na Simango na wenzake waliuawa baada ya uhuru bila mahakama ya wazi.

Fundo la Gordia

Julai 1, 1970, Jenerali Kaúlza de Arriaga, kamanda wa majeshi ya Ureno Msumbiji, alianzisha operesheni kubwa kuliko zote za vita hivyo, akaiita Fundo la Gordia. Alichagua kiangazi kwa sababu za msingi: majani yamekauka na kuungua, ndege inaona, magari hayakwami, na watu msituni wanalazimika kukaa karibu na maji machache yaliyobaki. Mabomu na mizinga yalitangulia, kisha makomando wakashushwa kwa helikopta kwenye kambi kubwa za Cabo Delgado, ikiwemo ile iliyoitwa Gungunhana. Kambi zilitekwa. Shehena za silaha zilikamatwa. Lisbon ilitangaziwa ushindi.

Kilichokosekana ni wapiganaji. Wengi walishajigawa kwenye vikundi vidogo na kutoka, wakiacha mabomu ya kutegwa njiani. Kambi ni vibanda vya nyasi na mahandaki. Hujengwa upya kwa wiki chache. Kuishikilia baada ya kuiteka kunahitaji kikosi cha kudumu, na kikosi cha kudumu kinahitaji barabara ya kukiletea chakula. Barabara hiyo ndiyo mahali mpiganaji mwenye kilo 8 na nusu za baruti anapomsubiri.

Askari wengi wa Kireno waliofika kaskazini mwa Msumbiji walimwogopa adui aliyekuwa chini ya udongo kuliko yule wa kwenye kichaka. Msafara ulitanguliwa na watu wanaotembea kwa miguu wakichomachoma ardhi kwa vyuma virefu, hatua kwa hatua, na mwendo wa masaa ukageuka wa siku. Wareno walijibu kwa kutia lami barabara, kwa kuwa lami iliyotobolewa huonekana. Jibu hilo lilikuwa sahihi kiufundi, lakini kila kilomita ya lami ni fedha. Wakati huo bajeti ya ulinzi ilikuwa ikimeza karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali ya nchi iliyokuwa miongoni mwa maskini wa Ulaya Magharibi.

Kosa la pili la Fundo la Gordia lilikuwa la mahali. Majeshi yalikusanywa Cabo Delgado huku Tete ikibaki nyepesi. FRELIMO ilikuwa imefungua tena Tete Machi 1968, safari hii kupitia Zambia, ambayo uhuru wake wa Oktoba 1964 uliwapa mgongo wa pili. Huko Wareno walikuwa na kitu kisichohamishika cha kulinda: bwawa la Cahora Bassa kwenye Zambezi, lililojengwa kuuzia umeme Afrika Kusini. FRELIMO haikuweza kuuzuia ujenzi huo, na ni vyema kusema hivyo waziwazi. Lakini bwawa liliwafunga askari wengi kwenye ukuta mmoja na barabara zake, na wapiganaji wakapita pembeni. Walivuka Zambezi, na mwaka 1972 wakaingia Manica na Sofala, katikati ya nchi, karibu na reli ya Beira na mashamba ya walowezi.

Kunyang'anya mashamba

Wareno nao waliijua hesabu ya mihogo. Mpango wao ulikuwa kuwahamishia watu kwenye vijiji vyenye uzio na ulinzi, kuchoma mashamba ya msituni, na kumwacha mpiganaji bila mkulima. Ilikuwa silaha yao kali kuliko ndege, na mahali fulani ilifanya kazi: kuna vikosi vilivyolala njaa, na kuna njia zilizoachwa.

Ilishindwa kwa sababu ya haraka na ukatili. Watu walilundikwa bila maji ya kutosha, mbali na makaburi yao na ardhi yenye rutuba, na wengi walitoroka wakarudi msituni wakiwa sasa na uchungu binafsi. Desemba 16, 1972, askari waliua mamia ya wanakijiji wa Wiriyamu na vijiji jirani huko Tete, watoto wakiwemo. Mapadri wamisionari walikusanya majina ya waliouawa, na Julai 10, 1973, gazeti la The Times la London lilichapisha habari hiyo kwa kalamu ya padri Adrian Hastings, siku chache kabla ya waziri mkuu Marcelo Caetano kufanya ziara ya kiserikali Uingereza. Ureno, iliyokuwa ikijieleza Ulaya kama mlinzi wa ustaarabu, ikajikuta inajibu maswali ya mauaji ya watoto.

Zamu ya nne

Ureno ilikuwa na watu wasiofika milioni 9 ndani ya mipaka yake ya Ulaya, na ilikuwa ikipigana mara tatu: Angola tangu 1961, Guinea ya Kireno (leo Guinea-Bissau) tangu 1963 na Msumbiji tangu 1964. Vijana walivuka mpaka kwenda Ufaransa kukwepa jeshi. Nafasi katika chuo cha maofisa zilibaki wazi. Nusu na zaidi ya jeshi la Msumbiji ikawa ni Waafrika walioandikishwa humohumo.

Ofisa wa kudumu mwenye cheo cha kapteni alikuwa na mzigo wa pekee. Yeye ndiye aliyeongoza kombania porini kwa zamu ya miaka miwili, akarudi nyumbani muda mfupi, akapelekwa tena, wengine hadi zamu ya tatu na ya nne. Aliwaona majenerali wakitangaza ushindi kila kiangazi na mabomu yakirudi barabarani kila majira ya mvua. Guinea ilimtia hofu zaidi. Mwaka 1973 PAIGC, chama cha ukombozi cha huko, ilianza kuangusha ndege kwa makombora ya begani, ngome ya Guiledje ikaachwa Mei, na Septemba 24 nchi hiyo ikajitangazia uhuru hukohuko msituni, ingawa kiongozi wa chama hicho, Amílcar Cabral, alikuwa ameuawa Januari.

Cheche yenyewe ilikuwa ndogo na ya kiutumishi. Julai 1973 serikali, kwa kukosa makapteni, ilitoa amri iliyowaruhusu maofisa wa kuandikishwa kwa muda kuingia utumishi wa kudumu kwa kozi fupi na kuhesabiwa ukongwe wao wa vitani. Makapteni waliosomea miaka kadhaa waliona wanarukwa. Septemba 9 zaidi ya mia moja walikutana kisiri shambani karibu na Alcáçovas. Walianza kwa kuzungumzia vyeo na wakaishia kuzungumzia vita. Ni amri iliyozaliwa na upungufu wa watu, na upungufu wa watu ulizaliwa na njia zisizokatika. Januari 1974 walowezi wa Beira, wenye hasira baada ya FRELIMO kushambulia mashamba ya Manica, walikusanyika na kuipiga mawe mesi ya maofisa wa jeshi wakiwaita waoga. Baada ya siku hiyo ni vigumu kumshawishi kapteni afe kwa ajili ya walowezi.

Aprili 25 makapteni hao waliiangusha serikali ya Caetano kwa siku moja.

Miezi mitano iliyoamua

Hapa wengi wangeweza kupoteza ushindi. Jenerali Spínola, rais mpya wa Ureno, alitaka kwanza vita visimame, halafu kura ya maoni, na makoloni yabaki ndani ya shirikisho la Kireno. Juni 5 Mário Soares, waziri wake wa mambo ya nje, alikutana na Machel Lusaka akiwa na ombi hilo la kusitisha mapigano. Machel alikataa: kwanza mtambue haki ya uhuru, na mtambue kwamba mamlaka yanakabidhiwa FRELIMO. Sababu yake ilikuwa ya kivita pia. Njia ikisimama miezi sita, wapagazi wanarudi makwao, wapiganaji wanatawanyika, na kuianzisha upya kunaweza kuchukua miaka. Mreno angeweza kuyarudisha majeshi yake barabarani kwa wiki moja.

Kwa hiyo vita viliongezwa badala ya kupunguzwa. Julai FRELIMO ilifungua tena Zambézia, ile iliyofungwa miaka tisa nyuma. Vikosi vingi vya Kireno vilikwisha kukataa kutoka kambini. Agosti 1 ngome ya Omar, karibu na Ruvuma, ilijisalimisha, na askari wake zaidi ya mia moja wakavushwa Tanzania wakiwa mateka. Siku chache kabla, Julai 27, Lisbon ilikuwa imepitisha sheria ya kutambua haki ya makoloni kuwa huru. Mazungumzo ya kimyakimya yalifanyika Dar es Salaam, na Septemba 7 makubaliano yakasainiwa Lusaka: mapigano yasimame usiku huo, iundwe serikali ya mpito yenye waziri mkuu na mawaziri sita wa FRELIMO na watatu wa Ureno, na uhuru uwe Juni 25, 1975, siku ya kuzaliwa kwa FRELIMO.

Jioni hiyohiyo walowezi waliiteka redio ya Lourenço Marques wakitumaini jeshi litawaunga mkono. Makapteni hawakuja. Siku tatu baadaye uasi ulikuwa umekwisha, na Septemba 20 Joaquim Chissano aliapishwa kuwa waziri mkuu.